Pindo la Gauni la Hilaria

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba Brenda alipofika Kirua Vunjo, kule mlimani, mwanawe Violet mgongoni, sindano, uzi na wembe kwenye mkoba. Alikuja kuangalia gauni la zamani kwa Bibi Elisifa.

Kwao Rau wanamjua kwa hilo. Wenzake wakipumzika, yeye hushona magauni ya zamani kwa kutazama picha za mabibi harusi waliofunga ndoa kanisani kabla ya uhuru. Hauzi hata moja. Anataka tu kujua mikono ya zamani ilifanyaje kazi. Na kadiri alivyojua, ndivyo alivyowadharau wasiojua, hasa wazee wa mlimani wanaoacha nguo nzuri ziliwe na panya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama Violet. Karibu jikoni kwenye moto."

Bibi Elisifa alifungua sanduku la bati. Gauni la harusi la dada yake, marehemu Hilaria, lilitoka likinuka moshi na udongo.

"Pima, chora, utakavyo. Ila pindo usilifumue."

"Kwani lina nini?"

Bibi alinong'ona. "Hilaria alizika mtoto wa kike. Nywele za mtoto huyo akazishonea humo. Akaniambia, hizi zikipotea, nitatafuta mtoto mwingine."

Brenda alicheka puani. "Nyie si Walutheri? Jumapili mnaimba, Jumatatu mnaogopa uzi!"

"Cheka, mwanangu. Lakini usifumue." Bibi akachukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe.

Brenda alimlaza Violet chumbani, akarudi. Kilichomleta ni lile pindo hasa. Mishono yake ilikuwa midogo kama mayai ya chawa, na bila kuifungua asingejua siri yake.

"Washamba," alisema, akapitisha wembe.

Trr... trr...

Kishungi cha nywele kilianguka, kimefungwa kwa jani kavu la isale, ule mmea wa mipakani na wa kuombea msamaha. Alikishika kama mtu anayeshika panya aliyekufa, akakitupa motoni.

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa jikoni.

Kisha, nje... majani makavu ya migomba. Kitu kirefu kilikuwa kinaburuzwa juu yake, taratibu, kama gauni.

"Bibi?"

Sauti ile ikapita mlangoni, ikaelekea chumbani. Brenda hakuona mtu.

Alikimbia. Violet alikuwa amelala fofofo. Brenda akashusha pumzi, akajicheka, akarudi jikoni.

Pindo lilikuwa limeshonwa.

Kwa uzi wake mwenyewe wa zambarau. Mishono midogo, midogo mno, ambayo yeye hajawahi kuiweza. Alilibonyeza. Ndani kulikuwa na kitu laini.

Alirudi chumbani mbio, akageuza kichwa cha mwanawe. Kisogoni palikuwa peupe, pamenyolewa vizuri, upana wa kifuniko cha soda.

Bibi Elisifa alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Alinusa hewa.

Brenda alitoka mbio hadi mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akachuma jani la isale, akarudi, akapiga magoti mbele ya bibi na kulitoa kwa mikono miwili. Alijua, kama wajuavyo wote mlimani, kwamba anayeombwa msamaha kwa isale hakatai.

"Nisamehe, bibi."

Bibi aliweka ndoo chini, akaificha mikono mgongoni. "Hukunikosea mimi. Mpelekee mwenyewe."

Kaburi la Hilaria lilikuwa pale pale, migombani. Brenda aliliweka jani juu ya udongo, akaomba. Safari hii hakucheka.

Aliporudi chumbani, jani lilikuwa juu ya mto. Limechanwa katikati.

Violet alikuwa macho, mikono ameinyoosha. Brenda aliinama amchukue. Mtoto akamsukuma uso, akachungulia nyuma ya bega lake, akatabasamu.

"Mama," akaita.