Chupa Katika Kabati la Mama

Duka la vitu vya watoto lilikuwa limefurika watu, na mfuko wa gololi umebaki mmoja tu. Mikono miwili iliushika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa msusi mwenye gauni la maua mekundu, aliyemtafutia mpwa wake zawadi. Mwingine wa kijana mrefu mwenye vidole vya madoa ya kahawia.

"Kaka, una watoto wangapi?" msusi aliuliza.

"Sina. Ni zangu mwenyewe."

"Na ndevu zote hizo unacheza gololi?"

Kijana alicheka. Alikuwa mpiga picha wa kamera za zamani za filamu, na picha alizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza. "Adui wa dawa ya picha ni hewa," alieleza. "Chupa ikipungua, natumbukiza gololi mpaka dawa ipande shingoni, nafunga. Nisipofanya hivyo, inaharibika upesi."

"Basi chukua. Ila nakudai picha."

Picha ilipigwa, na simu zikafuata. Asubuhi ni "Umeamkaje, mzee wa gololi?" na jibu ni "Nimeamka nawe kichwani, laazizi." Penzi likakolea.

Kiangazi kilipoingia, chumba cha kijana, kilichokuwa chini ya bati, kikageuka tanuri. Dawa haipendi joto. Msusi akamwambia azilete kwao, kwa mama yake, kwenye kabati la ukutani lenye giza na ubaridi. Kijana akaleta chupa za kahawia zilizojaa pomoni, kila moja na karatasi ya jina. Moja tu ilikosa: chupa za kahawia zilimwishia, akaitia dawa iliyobaki kwenye chupa ya sharubati. Karatasi ataibandika kesho, alijiambia.

Kesho yake mchana mama alishikwa na kiu, akafungua ile chupa ya sharubati. Msusi aliingia akamkuta na glasi mdomoni. Aliipokonya, ikaanguka, ikapasuka. Akapiga simu huku akilia.

"Ungeniulia mama."

"Mpenzi, nilisahau ku..."

"Usiniite mpenzi. Dawa unaitunza isiharibike, mama yangu je?"

Akakata.

Kijana hakupiga tena. Jioni alibisha hodi, shati halijapigwa pasi, amebeba sanduku la mbao lenye kufuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunimalizia?"

Kijana akapiga magoti. "Nimekuja kuomba radhi na kuziondoa hizi chupa."

"Inuka, baba. Nilikuwa nanusa tu. Pua yangu haijazeeka."

"Hata hivyo, kosa ni langu."

Alianza kupanga chupa sandukuni. Msusi, macho yamemvimba, alimtazama kutoka mlangoni.

"Mbona chupa hiyo hiyo unaiweka na kuitoa?"

"Sijatulia tangu uliponipigia. Mimi nilifiwa na mama nikiwa mdogo. Nusura nikutie katika msiba kama wangu."

Msusi akachuchumaa kando yake, akaipokea chupa iliyokuwa mkononi mwake, akailaza mwenyewe.

"Na kwako ni tanuri. Utaliweka wapi sanduku?"

"Natafuta nyumba ya kuta nene, vyumba viwili. Kimoja cha dawa, chenye kufuli."

"Cha pili?"

"Nilitaka nikuulize wewe. Sasa sina uso wa kuuliza."

"Muulize," mama alisema akikaa vizuri kitini. "Wala msinifukuze, nataka kusikia."

Kijana akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nakubali," msusi alijibu, akimfuta jasho kwa upindo wa khanga. "Lakini chumba cha dawa kikae mbali na jiko langu."