Memwari Mikononi mwa Mama

Siku ya soko mjini Kasongo, Viviane alipita polepole kati ya pikipiki na baiskeli, kompyuta ya nyumbani kichwani, imefungwa kitenge kama mtoto mgonjwa. Pikipiki moja ikamgusa kiwiko. Kompyuta ikayumba, na kijana mmoja akaruka kutoka meza iliyojaa nyaya, akaidaka kwa mikono miwili.

"Dada, hii tunaizika ao tunaitibu?"

"Uitibu. Harusi za watu zinaningojea."

Hakutania. Kazi yake ilikuwa kuandika mialiko ya harusi, na mashini hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake, Ernestine. Ikifa sasa, msimu wote wa harusi utaenda kwa wengine.

Fundi aliitwa Aganze, mtu wa Bukavu aliyefuata wafanyabiashara wa dhahabu. Shati lake jeupe lilinukia sabuni. Alipofungua mashini, mende wakatawanyika.

"Uko na wapangaji wengi."

"Na hakuna anayelipa," Viviane akajibu, macho yakienda kwenye mashini mpya yenye taa za bluu. "Na ile?"

"Ile itamaliza batri yako ya solaire, ya jua, mbele ya saa ya kula. Sanduku yako iko nzima, ekrani, kioo chake, iko nzima. Tubadilishe diski na kile kinacholisha umeme. Memwari, kile kipande cha kukumbuka, tutaona. Feza itakayobaki, ununue batri mpya."

"Mbona hauniuzie ya bei kubwa?"

"Juu nataka urudi."

Viviane akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Aganze akaanza kumpigia simu. "Alo, sheri ya mashini."

"Niko sheri ya mashini ao yako?" Viviane akauliza.

"Tuanze na mashini, mupenzi. Yangu inakuja nyuma."

Alipopata vipande, Aganze alivileta mwenyewe nyumbani kwa Viviane, pamoja na mashini. Mama Ernestine akampa kiti na maji. Basi Aganze akatoa memwari, kipande kirefu kama kidole, akamwekea mama mikononi. "Mama, hii zawadi." Mama akaipokea kwa mikono miwili, kisha akairudisha ifungwe ndani ya mashini. Mashini ikaamka kabla Viviane hajakaa vizuri, naye akacheka mpaka machozi.

Aganze alipoondoka tu, shangazi Léontine, aliyekuwa akitazama mlangoni, akapiga vigelegele.

"Kijana amefungua mlango!"

Kwao, mwanaume asiye ndugu akimpa mama zawadi mkononi, na mama akapokea, mahari imeanza. Viviane akasimama kwa hasira. Kumbe amepangiwa ndoa na mama yake na Aganze, na yeye hajaulizwa.

Asubuhi akaitoa ile memwari ndani ya mashini, akaenda sokoni kwa Aganze, akaiweka mezani.

"Twaa. Mimi si mutu wa kununuliwa kwa kipande cha kidole kimoja."

"Kununuliwa? Vivi, nani amekununua?"

Akamweleza. Aganze akakaa chini, bisibisi ikamtoka mkononi, skrubu ndogo zikamwagika mchangani.

"Mimi si wa hapa. Nilimpa mama juu alinipa maji kama mtoto wake. Ningetaka mlango, ningeuliza kwanza mwenye mlango."

Viviane aliitazama mikono ya Aganze ikiokota mchanga mahali pa skrubu. Mtu aliyetega mtego asingebabaika hivyo.

"Basi uliza."

"Nini?"

"Ulisema ungeuliza."

Soko liliendelea kupiga kelele, lakini Aganze alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali. "Viviane, utakubali nije kwenu kubisha hodi?"

"Nakubali."

Kisha Viviane akafungua ncha ya kitenge chake, akatoa feza aliyoitunza kwa batri, akaiweka mezani na kuirudisha memwari kwenye mfuko wake.

"Hii ninanunua, ni ya kazi yangu."

"Na batri, sheri?"

"Batri utaleta wewe. Utamuwekea mama mikononi, na safari hii utajua unafungua nini."

"Vivi, batri iko nzito."

"Najua," akasema, tayari ameanza kuondoka, akitabasamu. "Ndiyo maana uje na wajomba wako."