Gauni Lisilo na Mwenyewe

Gauni la kijani lilikuwa na joto.

Halikuwa joto la pasi. Mkaa ulikuwa bado haujawashwa, na dada mkubwa alikuwa ndiyo kwanza anafungua dirisha la chumba cha kupigia pasi. Alilipapasa gauni pale lilipokunjwa kwenye rafu ya juu, rafu ya nguo ambazo wenyewe hawajazifuata, akahisi joto kama la kitanda ambacho mtu ametoka kuamka. Akalinusa kwapani. Lilinuka jasho.

"Kifaranga!" aliita.

Mdogo wake alitoka chumba cha ndani akipiga miayo. Jina hilo alipewa na mama yao, kwa kuwa tangu anatambaa alimfuata nyuma nyuma kila alikokwenda. Baba alikufa zamani. Mama naye aliwaacha mwaka uliopita, akabaki dada na pasi, na Kifaranga akahamia nyuma ya dada. Lakini siku hizi hakuwa akimfuata mtu. Alikuwa akijificha.

"Umevaa gauni la mteja?"

"Mimi?"

"Hapana, mimi. Nalivaa nikiwa usingizini."

Kifaranga aliangalia sakafu. "Jumapili tu, Dada. Mara moja. Nguo zangu zote zinanibana."

Dada alitaka kuuliza zinambana wapi, lakini jicho lake lilikuwa limeshafika. Kifaranga alikunja mikono juu ya tumbo, akawa amechelewa.

"Mimba?"

Kifaranga aliitikia kwa kichwa.

"Ya nani?"

"Alishahama," Kifaranga alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia jioni, asubuhi akahama."

Dada hakupiga kelele. Aliwasha mkaa, akapiga pasi mashati ya watu mpaka mchana bila kuuliza zaidi, na kila shati alilibana kama lina kosa. Alikuwa ameacha shule ili mdogo wake asome. Sasa alijiuliza ni mangapi mengine aliyofichwa ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Mama alikuwa na sheria zake za kazi. Nguo ya mteja haivaliwi, hata kwa kujaribu. Kitu kinachokutwa ndani ya nguo, kiwe kitufe au kipini cha nywele, kinarudi na nguo, kwa sababu kilichomo ni cha mwenye nguo. Na mteja hajichukulii rafuni. Dobi humkabidhi mkono kwa mkono. Kwa sheria hizo watu walimwamini, na mpaka leo walimwita binti yake mkubwa "Dobi" kama walivyomwita yeye.

Gauni la kijani lililetwa wiki ile ya msiba wa mama. Dada alilipokea macho yamejaa machozi, na uso wa aliyelileta hakuukumbuka hata kidogo.

Mchana ule alilishusha alifue upya. Alipoligeuza ndani nje, mkono wake ukasimama. Mishono ya kiunoni ilikuwa imefumuliwa na kushonwa tena, gauni likaongezwa upana wa vidole viwili. Mshono ulikuwa mzuri, wa mtu mwenye subira. Lakini uzi haukuwa uzi. Aliuvuta mmoja, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa unywele, mrefu na mweusi, na ulipokaribia pasi ulijikunja na kutoa harufu ya kuungua.

"Kwa hiyo umejifunza na kushona," alimwambia Kifaranga.

"Dada, mimi hata kifungo siwezi kushona. Unajua."

Hilo dada alilijua. Lakini alikwishaamua kutomwamini, na mtu akishaamua hivyo, hata ukweli anauona una kona.

*

Ng'ambo ya barabara alikaa fundi viatu, kijana mwenye mdomo mwingi na mwavuli mkubwa uliotoboka.

"Dobi!" alipaza sauti kila alipomwona dada dirishani. "Lini utaninyoosha na mimi? Nimekunjamana!"

"Wewe hata mkaa wa gunia zima hautoshi," dada alimjibu, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kila siku. Akishageuka, alitabasamu peke yake.

Siku moja fundi viatu alivuka barabara bila utani. "Dobi, yule mama anayekaa hapo ndani kwenu ni nani? Mgeni?"

"Mama yupi?"

"Anayesimama nyuma yako ukipiga pasi."

Dada aligeuka. Palikuwa na ukuta, na rafu.

Tangu siku hiyo majini ya hadithini dada aliyaona kama mchezo wa watoto, kwa sababu yale huja usiku, nawe ukiwasha taa na kukaa na wenzio unaweza kupambazukiwa. Hili lililokuwa nyumbani kwao lilikuja saa za kazi. Watu wakipita barabarani na jua likiwaka, dada alisikia chumba cha ndani nguo ikikung'utwa, pa! pa!, kama mtu anayeondoa mikunjo kabla ya kuanika, na akienda anamkuta Kifaranga amelala na chumba kinanuka nywele zilizoungua.

Kifaranga naye alikuwa na shaka zake. Alianza kula akiwa amesimama, mgongo ukutani.

"Unaniangalia nini?" dada alimuuliza.

"Jana uliongea na nani dirishani?"

"Sikuongea na mtu."

"Nilikusikia, Dada. Ilikuwa sauti yako. Ulisema, kama kuna anayemtaka, aje amchukue, mimi nimechoka." Alishika tumbo. "Unataka kunigawa? Mimi, au mtoto?"

Dada aligeukia pasi. "Umeota," alisema.

Lakini maneno hayo aliyajua. Aliyasema siku ile alipogundua mimba, kwa kunong'ona, akiwa peke yake na mashati, Kifaranga akiwa ametumwa sokoni. Hakuna aliyekuwapo wa kuyasikia, achilia mbali kuyarudia.

Kesho yake alasiri Kifaranga alipiga ukelele. Alikuwa amelala na kanga ya mama, akaamka amevaa gauni la kijani, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na kiunoni limemkaa sawasawa, kama amepimwa.

"Livue!"

"Sikulivaa mimi! Wallahi sikulivaa! Vifungo havifunguki!"

Dada alishika kifungo, hakikutikisika. Alichukua mkasi, na ncha ilipogusa kitambaa tu Kifaranga alilia kama amechomwa mwilini, na juu ya kijani kikatokea tone jekundu. Dada aliutupa mkasi. Kwa mara ya kwanza alimtazama mdogo wake bila kutafuta uongo usoni mwake, akaona mtoto mwenye hofu, mwenye mtoto tumboni.

*

"Mama yangu ni mganga," fundi viatu alisema alipoitwa. "Nitamleta. Ila nakuonya, mimi mwenyewe namwogopa kuliko majini."

Mganga alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa viatu vilivyotengenezwa na mwanawe, akivilaumu njia nzima. Hakuchoma kitu. Alilinusa gauni, akaweka kiganja juu ya tumbo la Kifaranga, akamtoa dada nje ya mlango.

"Huyu hakuvunja mlango kuingia," alisema polepole. "Ni mteja. Gauni lake limevaliwa, na kilichomo ndani ya nguo ni cha mwenye nguo. Si ndivyo mama yako alivyokuwa akifanya kazi? Na kuna mtu wa nyumba hii aliyemwita."

Dada aliangalia pembeni.

"Sikuulizi nani. Nakwambia tu, kwa mafusho huyu haondoki. Mteja humalizana na dobi. Atakuja, tena mchana, na hawezi kujichukulia. Lazima umkabidhi kwa mkono wako. Atakachokuambia ukichunguze sana kabla hujajibu."

"Nikikataa?"

"Atadai fidia. Hata mteja wa kawaida hudai." Mganga alivua kiatu kimoja, akakikung'uta. "Mimi fidia yake siijui, mwanangu. Ningeijua ningekwambia."

Mteja alikuja siku ya mvua. Barabara nzima ilikuwa imekimbilia vibarazani, maji yakishuka mitaroni kwa kishindo, na dada alikuwa akipiga pasi shuka wakati alipohisi mwanga wa dirisha umepungua, akainua macho na kumkuta mwanamke amesimama pale, mrefu, ametulia, nguo zake kavu na uso wake kavu, nywele zimekatwa mafungu mafungu kama mtu aliyezinyofoa kidogo kidogo kwa kazi fulani, na ile harufu ya kuungua ikaingia kabla yake, ikajaa chumba, ikakaa kooni kama moshi wa kuni mbichi.

"Nimefuata gauni langu," alisema. Sauti ilikuwa ya dada mwenyewe.

Dada aliiweka pasi kando.

"Pamoja na kilichomo. Mama yako hakuwahi kumbakizia mteja hata kipini."

"Kilichomo si chako."

"Ulisema, kama kuna anayemtaka." Mwanamke aliinamisha kichwa. "Mimi namtaka. Wewe umechoka. Mshike mkono mdogo wako, mlete hapa dirishani, basi. Kesho atakuwa mwembamba, atarudi shuleni, na hakuna mtu atakayewacheka. Si ndicho ulichokitaka?"

Na jambo la kutisha kuliko yote, ambalo dada hakulisahau, ni kwamba kwa muda wa pumzi moja alilifikiria, aliiona asubuhi ile isiyo na tumbo, sare ya shule imenyooshwa, mdogo wake akimfuata tena nyuma nyuma, na alipogeuka alimkuta Kifaranga amesimama mlangoni ndani ya gauni la kijani, ameshika fremu kwa mikono miwili, akimsoma usoni.

"Kumbe ulisema," Kifaranga alisema.

"Nilisema," dada alijibu. "Nilisema kwa hasira, na nimekudanganya kwamba umeota. Rudi ndani. Funga mlango."

"Utamwambia nini?"

"Kifaranga, rudi ndani."

Kifaranga alisita, kisha mlango ukafungwa. Dada aliigeukia ile sura kavu.

"Simtoi."

"Basi umenipotezea. Dobi akipoteza hulipa."

"Chukua pasi. Chukua nyumba."

"Hulipa cha aina ileile." Mwanamke alitabasamu, na meno yake yalikuwa meupe kama vifungo vya shati. "Sasa hivi huna. Lakini utakuwa nacho. Wa kwanza utakayembeba tumboni wewe."

Ng'ambo ya barabara fundi viatu alikuwa akihangaika na mwavuli wake, maji yakimwingia kwa kila tundu, akijicheka mwenyewe. Dada alimtazama, akamtazama tena. Kisha akasema, chini sana, ili nyuma ya mlango pasisikike:

"Sawa."

Chumba cha ndani vifungo vilianza kuanguka sakafuni, kimoja baada ya kingine. Kifaranga alifungua mlango amejifunga kanga, gauni likiwa limemteremka miguuni lenyewe kama maji. Dada aliliokota pamoja na vifungo vyake vyote. Alilikung'uta mbele ya mteja, akageuza mifuko yote nje ili ionekane haina kitu, akalikunja vizuri kwa sababu mikono yake haikujua kukunja vibaya, akalikabidhi mkono kwa mkono. Vidole vilivyolipokea vilikuwa vya moto. Kisha dirisha likawa na mwanga tena, na mvua.

"Ulimwambia nini?" Kifaranga aliuliza.

"Nilimwambia tumefunga."

*

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuuza samaki. Mganga alimpokea, akalalamika kwamba ana kichwa kikubwa kama cha mwanawe wakati hata si ukoo wao. Watu walicheka siku mbili tatu, wakachoka, wakarudi kuleta nguo. Kifaranga alirudi masomoni, na mchana dada alipiga pasi mtoto akiwa mgongoni.

Lakini Kifaranga hakuacha kumchunguza dada yake. Alimwona anavyompakata mtoto kama mtu anayejaza kitu kisichojaa. Aliona pia kwamba siku hizi akitaniwa kutoka ng'ambo hajibu.

Alasiri moja fundi viatu alivuka barabara amevaa shati jeupe. Kifaranga alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mtoto mapajani.

"Dobi," fundi alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Shati hili nimelinyoosha mwenyewe. Uone shida niliyo nayo. Nioe. Yaani, nikuoe. Unaona? Hata kusema najikunja."

Kifaranga alicheka. Dada hakucheka.

"Hapana," alisema.

"Hapana ya leo, au hapana?"

"Hapana, rafiki yangu. Mimi sitazaa. Tafuta mwingine."

"Nani kakwambia nataka mtoto? Nataka wewe."

"Watoto huja bila kutakwa," dada alisema. Machozi yalimdondokea juu ya shuka aliyokuwa akiipiga pasi, na pasi ikapita juu yake, tss.

Kifaranga aliacha kucheka. Alimtazama dada, akamtazama fundi viatu, akamtazama mtoto aliyempakata, na taratibu uso wake ukabadilika, kama mtu anayesikia sasa hivi kilichosemwa zamani nyuma ya mlango.

"Sawa," fundi viatu alisema. "Sina pa kwenda. Nitasubiri."

"Na mimi," ilisema sauti kutoka chumba cha ndani.

Ilikuwa sauti ya dada. Na dada alikuwa hapo mezani, mdomo umefumbwa.

Hakuna aliyesogea. Pasi ilianza kuunguza shuka. Kifaranga ndiye aliyeiinua, akaiweka kando, akamlaza mtoto mikononi mwa dada yake na kuibana mikono hiyo mpaka ikashika imara.

"Kaa hapa, Dada," alisema, akiuelekea mlango. "Safari hii nitaongea naye mimi."