Msumari Ndani ya Mfenesi

Kila alasiri, akitoka chuo cha Kurani, Time binti Matano alitandika gunia barazani kwao pale Wawi, akaketi kunoa meno. Si meno ya mtu, jamani! Ni meno ya msumeno wa mashine wa baba yake. Alipitisha tupa ya duara kwenye jino moja mara tatu, akaingia jino la pili, mara tatu vilevile. Alikuwa na miaka kumi na miwili na macho yake yalikuwa makali kuliko ya babake, ndiyo maana akapewa kazi ile. Waliosema mtoto wa kike na mashine wapi na wapi, walisema mpaka wakachoka.

Huo ulikuwa mwaka 1960, na mashine za namna ile Pemba zilikuwa za kuhesabu. Matano aliifuata Unguja mwenyewe. Muuza duka alimtolea kubwa, yenye ulimi mrefu. Ulimi ndivyo walivyoliita lile bamba linalobeba mnyororo. Akaisifu weee! Matano akaishika mikono ameinyoosha, akahesabu mpaka mia. Kabla hajafika, mikono ikaanza kutetemeka.

"Itakayonichosha ndiyo itakayonikata," alisema, akachukua ndogo.

Na sheria zake hazikuwa za mchezo. Petroli haitiwi mashine ikiwa ya moto. Mnyororo hukazwa ukiwa umepoa, na ukivutwa kwa vidole uinuke kidogo tu. Ncha ya ulimi isiguse mti, maana mashine huruka ikamrudia mtu usoni. Injini ikiwaka, hakuna kumkaribia mkataji. Mwenye neno asimame mbali, mahali pa kuonekana, apunge kitambaa chekundu. Sheria ya mwisho aliirithi kwa baba yake, aliyepasua mbao kwa msumeno wa mikono: kabla ya kukata, wenye mti waulizwe mara tatu kama mti una chuma ndani.

"Kesho Alkhamisi chuo hakuna, na skuli mmefunga," Matano alisema jioni moja. "Utanifuata kwa Bi Badriya. Tunaangusha ule mfenesi ulioinamia njia ya kisimani."

Tupa ikamponyoka Time mkononi.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, baba. Imeteleza."

Alikuwa na kitu, tena kikubwa. Miaka mitatu nyuma, marehemu Bwana Hashil, mume wa Bi Badriya, aliweka kago shambani kwake, yaani dawa ya kulinda shamba wezi wasiingie. Kago huwekwa kwa siri; hata mkewe hakuambiwa liko wapi. Time aliliona siku alipojipenyeza kuiba fenesi: kichupa chenye kitambaa chekundu, kimening'inia kwenye msumari upande wa nyuma wa ule mfenesi, usawa wa goti. Kwa tamaa ya fenesi akakikata uzi, akakitupa njiani. Kisha akaogopa kuwa msumari utamsema. Akaokota jiwe, akaugonga mpaka kichwa chake kikazama ndani ya gome, na utomvu ukapafunika.

Kichupa kilipookotwa karibu na kisima, watu walitetemeka. Kago limetembea! Linamfuata mwizi wake, na likimpata, tumbo lake litavimba mpaka lipasuke. Tangu siku hiyo, kila akipita pale Time alihisi tumbo linamkata. Lakini usiku ule hakuliwaza tumbo lake. Aliyejua msumeno kama yeye hakuhitaji kuambiwa mnyororo unaozunguka kwa kasi ukikutana na chuma hufanya nini. Hukatika, na kipande kinachoruka hakichagui pa kwenda.

Nitamwambia asubuhi, alijisemea. Asubuhi ikaja, akasema atamwambia njiani. Njiani akabeba kikapu cha tupa na kitambaa, na wakafika hajamwambia.

"Shikamoo, Bi Badriya," Matano alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Kificho, mdogo wake Matano, akaenda kuziba njia ya kisimani watu wasipite. Matano akaupapasa mti, akaugonga kwa kisogo cha shoka. Utomvu ulikuwa umeganda kila mahali, manundu kwa manundu, wala hakugundua kitu.

"Bi, mti huu una chuma?"

"Mimi sikijui."

"Mti huu una chuma?"

Bibi akasita. "Marehemu aliweka kago humu shambani. Mti gani, hakunambia. Lakini lilikwishajiondokea lenyewe, Matano, likamfuata mwizi wake. Na Mungu atamwonesha."

Matano akageuka, akawatazama wote. "Nauliza mara ya tatu. Yeyote aliye hapa. Mti huu una chuma?"

Time akafungua mdomo. Macho ya Bi Badriya yakamwangukia, na lile neno mwizi likamjaa masikioni. Akaufunga mdomo.

Matano akachora mstari kwa mkaa, akauzungusha kwenye shina, usawa wa goti. Time aliufuata kwa macho ule mstari mweusi ukizunguka nyuma ya mti. Ulipita juu ya nundu lile lile lililoficha msumari.

Injini ikawaka. Kunguru wakaruka. Matano alianza upande wa njia, akatoa pengo la kuuelekeza mti, na vumbi la mbao likamwagika miguuni pake, la manjano kabisa. Time aliomba. Pengine msumari umeoza, pengine atakata juu kidogo. Alijua ni maneno ya mtu mwoga.

Kisha babake akazunguka nyuma ya mti, akapiga goti, akaweka ulimi juu ya mstari.

"Baba!"

Ngurumo ikaimeza sauti. Alitaka kukimbia amshike bega, lakini hapo angemshtua na kumuua kwa mikono yake. Akapekua kikapu, akatoa kitambaa chekundu, akakimbia mpaka ubavuni, mbali, pa kuonekana. Akakipunga. Matano alikuwa ameinamisha uso. Ulimi ukazama inchi moja, ukazama mbili. Time akaruka juu, akapunga kwa mikono miwili, akilia kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia.

Matano akainua macho. Akaachia moto, injini ikapunguza kasi.

Mnyororo ulikuwa umeshafika. Kulisikika mlio mkali wa chuma kwa chuma, cheche zikaruka, na mnyororo ukakatika, ukachapa hewani. Halafu kimya. Matano alisimama taratibu, akautazama mkono wake. Shati lilikuwa limechanika kutoka kiwiko hadi kiganja, na ndani yake mchirizi mwembamba wa damu. Mkono wenyewe ulikuwapo.

"Alhamdulillahi," Kificho alisema akija mbio. "Mnyororo ungekuwa katika kasi yake, kaka, tusingekuwa tunasema."

"Ni mimi," Time alisema, kitambaa bado mkononi. "Ni msumari wa kago. Mimi ndiye niliyetupa kichupa, na msumari nikaugongelea ndani. Niliiba fenesi, Bi Badriya. Nilikuwa najua tangu jana, baba. Nilikuwa najua!"

Bi Badriya akashika kiuno. "Tumbo lilikuvimba?"

"Linaniuma tu nikipita hapa, Bi."

"Lo! Na mimi miaka mitatu sitoki nje jua likizama, nachelea kichupa cha mume wangu mwenyewe!" Akajifuta uso kwa ukaya wake wa kichwani. "Fenesi nimekusamehe. Ungeniomba ningekupa. Huyu babako ndiye wa kuombwa radhi."

Matano alichimbua msumari kwa shoka, akaketi juu ya gogo la pembeni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomliza Time zaidi.

"Aibu uliyoiogopa jana ingekwisha kabla ya chakula cha usiku," alisema. "Mkono wangu ungekwenda leo, usirudi tena. Nimekufundisha kunoa, kukaza na kutia mafuta, lakini mashine haina salama kama anayejua hatari ilipo amefunga mdomo. Kosa ukilisema mapema, linabaki kosa. Ukilificha, linamngoja mtu."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini kuuliza mara ya tatu, tangu leo ni kazi yako."

Mti waliumaliza kwa shoka na msumeno wa mikono, wakatoka jasho mpaka alasiri. Mnyororo mpya ulichukua mwezi mzima kufika.

Mti wao wa kwanza baada ya hapo ulikuwa kijijini Shumba. Matano aliuliza mara mbili, na wakubwa wote wakasema mti hauna chuma. Time akawaacha wakubwa, akawaendea watoto waliosimama uani. Akawaonesha ule msumari uliopinda.

"Huu niliuficha mimi," aliwaambia. "Hapa hapigwi mtu wala hachekwi. Mti huu una chuma?"

Akangojea, wala hakuwaharakisha. Baada ya muda, kitoto kimoja kikainua mkono.