Jini Aliyezushwa Kundini

Jumanne, saa nne asubuhi, kundi la simu la wanawake wa mtaa lilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa fundi cherehani. Fundi hakuutuma. Simu yake ilikuwa kwenye chaji, na yeye alikuwa anakunja pindo la gauni.

Binti yake aliingia amekunja uso. "Mama, huko kundini umesema nini?"

Akabonyeza. Sauti ilikuwa ya fundi, na kikohozi chake: "Yule jini ni wangu. Namlisha nywele za mwanangu."

Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Fundi aliijua hadithi hiyo, maana aliitunga mwenyewe. Binti yake alikuwa ameikimbia cherehani akaenda kujifunza kusuka kwa msusi wa jirani, akawa anashinda huko, anacheka huko. Fundi akaona mwana anamponyoka. Akamnong'oneza shoga yake wa mbali kwamba msusi anafuga jini, anamlisha nywele za wateja. Shoga akauandika kama ujumbe, akamrudishia, na fundi akaupeleka kundini ukiwa na alama ya kusambazwa. "Jamani, nimetumiwa tu. Mimi simo." Wateja wakaisha. Msusi akafunga kibanda. Binti akarudi nyumbani.

Sasa kila siku ujumbe mpya ulitoka. Alhamisi fundi alipozima simu, kanyagio la cherehani lilianza kwenda lenyewe, polepole, kisha kwa kasi, sindano ikitoboa meza isiyo na kitambaa, na ile harufu ya nywele ikajaa chumba, na kutoka chini ya meza sauti yake mwenyewe ikasema, bila haraka, kama mtu anayejibu salamu: "Ulisema nipo, nikaja. Kwa msusi nimekuta pamefungwa. Nikauliza, nani aliyenitaja kwanza?"

Mganga aliitwa. Alisimama mlangoni, akanusa, akagoma kuingia.

"Huyu hana kwao, mama. Umemzua wewe. Kamkane mbele ya msusi, watu wasikie."

"Na binti yangu asikie?"

"Hasa huyo."

Ijumaa alasiri fundi alikwenda. Msusi alikuwa uani anafua nguo za watu. Majirani walijaa, simu juu.

"Nilidanganya," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Hukuwa na jini. Mimi ndiye niliyeanza."

"Ongeza sauti, fundi!" mmoja akapiga kelele. "Kundini mbona ulisikika?"

Binti alimtazama. "Mama, ni wewe? Mimi nilikaa nawe nikimlaani huyu dada?"

"Nilitaka urudi, mwanangu."

Msusi alikamua shuka, akaianika. "Nimekusikia. Sikumtuma huyo mgeni wako. Lakini nikiambiwa nikuombee aondoke, siombi."

"Dada, nionee huruma."

"Wewe ulinionea huruma?"

Binti aliinama, akachukua shuka iliyofuata kwenye beseni, akashika ncha moja. Msusi akashika nyingine.

Jumamosi mchana binti alihamishia nguo zake kwa msusi. Jioni kundi lilipokea ujumbe kutoka namba ya fundi. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, imo mfukoni mwa jirani aliyempa aitunze. Waliousikiliza walisema sauti ilikuwa yake: "Binti ameondoka. Tumebaki wawili."