Mbayo Hajaliliwa

Maji ya bukari, ugali wa kwao, yalikuwa yakichemka juu ya mbabula ya makaa, mwiko umeegemezwa ukutani, lakini Agnès hakuwepo.

Stanislas alivua viatu vyake vya mgodini mlangoni, akaita mara moja, akaita tena. Alikuwa ametoka kazini na njaa ya kutosha watu wawili, na mwanaume mwenye njaa hana subira na mke asiyeonekana. Akatoka uani kuchungulia. Ng'ambo ya ua, jirani yake Kyungu alikuwa amepindua baiskeli yake, anakaza mnyororo. Nyumba za Kapata, mtaa wa watu wa mgodi, zimepangwa kwa mstari na zinafanana zote, na katika mstari ule hakuna jambo lililompita Kyungu. Alipomwona Stanislas, spana ilisimama mkononi.

"Ha! Tata Mbayo, ulisharudia? Miguu yako iko na moteri?"

"Kurudia wapi? Mi natoka ku kazi sasa hii."

Kyungu akacheka, halafu akaacha.

"Bibi yako anapita hapa, iko na beseni, anaenda mutoni kutosha mihogo mu maji. Na weye ulikuwa nyuma yake. Nilikusalimia, haukuitika. Manguo yako yote ilikuwa paka maji tu, chapachapa. Nikasema, huyu tata njo anaoga na manguo?"

Stanislas alitaka kucheka naye. Kicheko hakikuja. Akaingia ndani kuchukua tochi, akashika njia ya mtoni mbio, viatu havijafungwa kamba.

Sasa, habari ya jina. Mtu huyu hakuzaliwa Mbayo. Alibatizwa Stanislas, na Stanislas akabaki mpaka mwaka wa sabini na mbili, Serikali ilipoamuru kila raia wa Zaïre atupe jina la kizungu na kuchukua la mababu. Wenye akili walikwenda kwanza kuuliza wazee wao. Stanislas alikwenda moja kwa moja dirishani pa kuandikishia majina, foleni ikimsukuma mgongoni, na alipoulizwa akataja jina la kwanza lililomjia: la mjomba wake, kaka wa mama yake, mtu wa mabavu aliyeogopwa na kila aliyemjua. Mbayo huyo aliingia katika pango la mto huuhuu wa Kapata siku moja kuwinda popo, na hakutoka. Walimtafuta wakachoka.

Mama yake mdogo alipopata habari alipanda treni kutoka Kasaji, akafika Kapata na hasira yake yote.

"Mbayo hatuyamulilia!" alisema, hata kukaa hajakaa. "Maiti haikuonekana, kilio hatukufanya. Jina ingali yake. Unamunyanganya mutu kitu yake?"

"Mama, hii ni mambo ya État, ya Serikali."

"État itakuya kukusaidia? Mwenye kukamata jina ya mufu anakamata na kiti yake, na shamba yake, na bibi yake. Bitu yote inafwata jina. Sasa yeye akitoka kuitafuta, utamuambia nini?"

Stanislas alimcheka mama wa watu, akamsindikiza stesheni. Kazini akawa Mbayo, barabarani akawa Mbayo. Nyumbani tu Agnès alikataa kulitumia. Alimwita Stani, kwa sauti ya chini, dirisha likiwa limefungwa, maana jina la kizungu siku zile lilikuwa jambo la kunong'ona.

Lakini Agnès alikuwa amebadilika siku za karibuni. "Stani, si umeshaingia?" angeuliza, mume ndiyo kwanza anafungua mlango. Au angemtazama mezani na kusema: "Mbona leo hauna baridi?" Stanislas alidhani ni malaria. Alikuwa amemletea vidonge vya kwinini.

Alifika mtoni jua limeshazama. Wanawake wote walikuwa wamekwenda zao. Mashimo ya kulowekea mihogo yalikuwa yamezungushiwa mawe, kila mama na lake, na harufu ya mihogo iliyochacha ilikuwa nzito. Beseni la Agnès lilikuwa pale, limejaa nusu. Kando yake kandambili zake, zimepangwa vizuri, kama mtu anavyozivua mlangoni kwa mwenyeji anayemheshimu.

"Agnès!"

Maji tu yakajibu.

Akamulika matope. Nyayo za mkewe zilielekea juu, kule mto unakotokea ndani ya mwamba. Nyuma ya nyayo zake kulikuwa na nyingine, kubwa, vidole vimetawanyika. Stanislas alisimama akizitazama. Zilikuwa kama nyayo za mtu anayemswaga mbuzi mbele yake.

Akaingia majini.

Mdomo wa pango ulimlazimisha kuinama. Maji yalikuwa ya kifundo, kisha ya goti, baridi mpaka mifupa. Tuseme haki: giza lenyewe halikumtisha. Alikuwa mtu wa mgodi wa chini ya ardhi, giza ndilo lililomlisha na kumvisha. Akafanya kama afanyavyo kila mchimbaji aingiapo mahali asipopaamini: akagonga dari kwa tako la tochi, kusikiliza kama mwamba ni mzima.

Ko. Ko. Ko.

Mwamba ulikuwa mzima. Akapiga hatua.

Ko… ko… ko.

Ilitoka mbele. Mbali, ndani kabisa.

Hofu ilimshika hapo, hofu yenyewe. Kama si mke wake aliyekuwa humo ndani angegeuka na kukimbia. Lakini alimpenda Agnès kuliko alivyowahi kumwambia, na miguu yake ikaendelea huku kichwa chake kikikataa.

Pango lilikata kulia, likashuka, likabana. Popo walimpita masikioni. Na harufu ya mihogo iliyochacha, ambayo alipaswa kuwa ameiacha nyuma mtoni, ilikuwa ikizidi. Kila alipozidi kuingia, ilizidi.

Kisha akasikia sauti ya mkewe. Alikuwa akizungumza polepole, kama watu wanavyozungumza wakiwa wamekaa jikoni.

"…na chumvi nayo inaisha, Mbayo."

"Eeh," mtu akaitika.

Stanislas aliganda. Mkewe hakuwahi kumwita mtu yeyote Mbayo.

"Agnès," alinong'ona.

Mazungumzo yalikatika. Maji yakaacha kutiririka, au yeye aliacha kuyasikia.

"Nani anaita?" Sauti ya Agnès ilikuwa karibu mno.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Aibu ya mtu huyu ni hapa. Mke anamwuliza yeye ni nani, na ulimi wake, uliozoea kuitika kila asubuhi mbele ya kapita, msimamizi wao mgodini, ukajibu wenyewe kabla hajafikiri.

"Mbayo."

Mtu akacheka gizani. Kicheko kifupi, kilicholowa.

"Mbayo ni mimi."

Stanislas akainua tochi. Mwanga ulimwangukia Agnès. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu majini, macho wazi lakini hayatazami kitu. Mikono yake ilikuwa ikimenya muhogo usiokuwepo. Kando yake, katika jiwe hilohilo, iliketi miguu ya mwanaume. Mwanga ulifika magotini ukaishia hapo, kila alipojaribu kuupandisha ulikataa kupanda. Miguu ilikuwa imevimba, myeupe, nyama imelainika na kuachana kama muhogo uliosahauliwa majini.

"Ulikula jina yangu," ile sauti ilisema. "Mi niko napiga baridi hapa, hata mutu moja hayanililia. Weye uko naitikaka jina ile. Sasa uniambie. Bibi ya Mbayo ni ya nani?"

"Tata… mujomba… unisamehe. Mi sikujua."

"Walikuambia."

"Jina nakurudishia! Mi hapana Mbayo. Mi ni Stanislas. Naapa, sitaitika tena."

"Unairudisha?"

"Nairudisha."

"Na bitu yake yote?"

Ah, Stanislas! Mtu angemziba mdomo. Lakini alikuwa akimtazama mkewe, vidole vyake vikimenya hewa, midomo yake imekuwa ya bluu. Hakuwa akisikiliza alichoulizwa.

"Yote! Kamata yote! Uniachie paka bibi yangu tu!"

Tone moja likaanguka. Halafu ile miguu ikainuka taratibu, ikashuka majini bila kuyatikisa.

Tochi ikazima.

Kitu baridi kilimpita ubavuni kikielekea nje. Kilimgusa bega, kwa upole kabisa, kama jamaa anavyoaga jamaa.

Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Agnès, akamvuta. Walianguka, wakainuka, wakaufuata mkondo wa maji kwa miguu mpaka hewa ya nje ikawapiga usoni. Agnès alianza kulia. Hakukumbuka lolote. Alikumbuka kwamba mumewe alimwita, akamfuata, basi.

"Mikono yako ni moto, Stani," alisema, akamshika kwa nguvu.

Stanislas alifurahi kiasi cha kutaka kuimba. Alibeba beseni mwenyewe, yeye mwanaume, mbele ya Kapata nzima, wala hakujali. Usiku ule walilala mlango umekomewa, na yeye akajiona mtu aliyemshinda mfu.

Asubuhi akaenda kazini.

Walipanga mstari getini, ukungu bado uko chini, na kapita akaanza kuita watu wake, kila mmoja "citoyen", yaani raia, kama Serikali ilivyotaka. Hapo ndipo Stanislas alipokumbuka alichoapa. Akilisikia jina lile, aitike? Akiitika, nani atakayeketi tena juu ya lile jiwe? Akinyamaza, kazi itaota mbawa, na nyumba ya kampuni pamoja nayo. Jasho lilimtoka katika baridi.

"Citoyen Mbayo!"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Akaiona midomo ile ya bluu ya Agnès. Akalimeza.

"Présent, niko," mtu akaitika nyuma ya mstari.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akageuka. Aliona nyuso anazozijua, migongo anayoijua, kofia za kazi. Hakuna mgeni. Harufu ya mihogo tu ilipita, ikaisha. Kapita alikuwa ameshaita mwingine, na mwingine, mpaka wakaisha wote, akabaki yeye peke yake amesimama.

"Na weye, citoyen? Weye ni nani?"

"Kapita, ni mimi… Unanijua. Stanislas."

Wenzake wakasogea mbali naye, kama watu wanaosikia tusi mbele ya wakwe. Macho ya kapita yalimpitia juu mpaka chini bila kumtambua.

"Stanislas? Mu Zaïre hatuna Stanislas. Toka hapa, kabla mapolisi hawayakukamata."

Alishinda nje ya geti. Alikataa kuondoka, alitaka kumwona anayetoka. Jioni watu wakatoka kwa makundi wakicheka, akawatazama mmoja mmoja, na bado hakumwona. Halafu wazo likamjia, akaanza kukimbia.

Alikimbia njia nzima. Kyungu alikuwa uani kwake, baiskeli imeshasimama. Stanislas alimpungia mkono. Kyungu akakunja uso.

"Citoyen, unatafuta nani?"

Stanislas akampita. Moshi wa mbabula ulikuwa ukitoka kwake, na bukari ilikuwa imeshaiva, aliisikia harufu. Mlangoni kulikuwa na viatu vya mgodini, vimewekwa pale alipozoea kuviweka vyake. Vilikuwa vikivuja maji.

Mlango ulikuwa umekomewa. Akagonga.

Ko. Ko. Ko.

"Mbayo," alimsikia Agnès akisema ndani, kwa sauti ya mke aliyetulia, "kuko mutu ku mulango."

"Umuulize ni nani," mwanaume akajibu, anatafuna.

Hatua za Agnès zikaja mpaka nyuma ya mlango.

"Weye ni nani?"

"Agnès! Agnès, ni mimi. Ni Stani."

Kwa muda alisikia pumzi ya Agnès tu, fupifupi, upande wa pili wa ubao, na moyo wake ukapanda kwa tumaini: anakumbuka, anafungua. Komeo likasogea kidogo. Alikuwa radhi kupiga magoti.

"Stani?" Agnès alisema polepole, kama anayeonja neno. "Hapana, tata. Stani, mi simujue."

Komeo likarudishwa mahali pake.

Siku ile mvua haikunyesha Kapata. Lakini Kyungu, aliyekuwa akitazama kutoka ng'ambo ya ua, aliona kwamba pale kizingitini, chini ya miguu ya yule mgeni, simenti ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka nguo zake na kuendelea kuenea, kama yale ya mtu aliyemfuata Agnès mtoni.