Ndege ya Verna na Mawingu ya Alhamisi

Kila Alhamisi asubuhi Delmar Kucera huyatazama mawingu kabla ya kukitazama kikombe chake cha kahawa. Hayatazami kwa ajili ya ng'ombe wala malisho. Huyatazama kwa ajili ya mkewe, Verna, kwa kuwa rubani wa nyumba hiyo ni Verna.

Ndege yao ni ndogo, ya viti vinne, na umri wake unakaribia umri wa ndoa yao. Siku ya Alhamisi Verna huruka nayo kutoka vilima vya mchanga vya Nebraska hadi mji wa Harlow, kumtembelea dada yake, Ardis. Ardis anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kumbukumbu zake zinapungua. Kwa ndege ni saa mbili. Kwa gari ni saa tano, na mgongo wa Verna haukubali tena mwendo huo.

"Leo vipi?" Verna aliuliza, buti moja mguuni, nyingine mkononi.

"Mawingu yamekalia mnara wa maji."

Verna akavua buti. Ilikuwa Alhamisi ya tatu mfululizo. Alikwenda ukumbini kupiga simu, na Delmar akamsikia akisema taratibu, "Ni Verna. Verna, mdogo wako. Hapana, Ardis, mama hayupo hapa."

Aliporudi mezani, macho yake yalikuwa mekundu.

"Si unacho cheti cha kuruka mawinguni?" Delmar aliuliza.

"Cheti ninacho. Ndege ndiyo haina macho."

"Na kile kishikwambi chenye ramani?"

"Kile ni cha kunisaidia tu. Kutua mawinguni kwa kukitegemea hairuhusiwi. Kikizima je? Nitue juu ya fahali wako?"

"Fahali nampenda," alisema Delmar. "Usitue hapo."

Verna alicheka kidogo, lakini andazi lake la mdalasini hakuligusa.

Jumapili iliyofuata marubani wa wilaya walikutana katika kiwanja cha jirani, kama ilivyo desturi yao, kula chapati za maji na soseji. Pembeni palikuwa na meza ya vifaa vya ndege vilivyokwisha tumika. Muuzaji alimwonyesha Delmar kisanduku cheusi chenye vitufe.

"Hiki hunasa mawimbi ya redio kutoka uwanjani, mzee," alisema. "Kinamshusha rubani ndani ya wingu mpaka mlangoni."

"Mpaka mlangoni?"

"Abaki kuvua viatu tu."

Delmar alikuwa ameuza tandiko lake la farasi wiki hiyo. Alikinunua kisanduku, akakifunga utepe, akamkabidhi mkewe jikoni. Verna akafungua. Alikigeuza, akasoma maandishi ya nyuma. Kisha alimkumbatia mumewe kwa nguvu, akasema, "Twende kwa Twyla akakione."

Twyla Hruska alikuwa fundi wa vyombo vya kuongozea ndege. Karakana yake ilikuwa nadhifu, kila bisibisi mahali pake. Alikipokea kisanduku, lakini hakukifungua.

"Mzee Delmar, niambie kwanza. Verna huenda wapi?"

"Harlow. Kisha hurudi hapa."

Twyla alimpa kitabu cha ramani za njia za kutua. "Tafuta Harlow. Kuna mtambo wa redio wa kuongozea ndege zinapotua?"

Delmar alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Siuoni."

"Na kiwanja chetu?"

Delmar alisoma mara mbili. "Haupo." Akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo nimenunua redio ya kusikiliza kituo kisichokuwepo."

"Si wewe peke yako," alisema Twyla. "Nusu ya wateja wangu hununua kwanza, ndipo husoma. Kifaa huchaguliwa kwa kuangalia viwanja unavyotua."

Delmar alimgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Umeuza tandiko lako, bwana wewe. Ningeanzia wapi?"

Twyla aliwaachia muda kidogo, kisha akaendelea. Viwanja vyote viwili, alieleza, vina njia za kutua zinazoongozwa na setilaiti. Verna alihitaji kipokezi cha setilaiti kinachofungwa kwenye dashibodi, kilichoidhinishwa kwa safari za mawinguni. Kipokezi hicho kimwonyeshe kushoto na kulia, na pia kimwonyeshe mteremko wa kushuka.

"Kama hizi?" Delmar alionyesha picha ya skrini kubwa zinazong'aa.

"Hizo ni nzuri kama televisheni. Bei yake inazidi ya ndege yenu. Wingu halijali ukubwa wa skrini, mzee. Kipo kidogo kilichotumika, na kitafaa. Lakini tuulize maswali. Kina hati za ukaguzi? Kiwanda bado kinakitengeneza kikiharibika? Taarifa zake za viwanja bado zinatolewa? Maana hizo hubadilishwa kila baada ya siku ishirini na nane. Antena na saa yake ya mishale ya kuonyesha njia vimo? Na usisahau kazi ya kukifunga na kukipima. Gharama yake huweza kulingana na bei ya kifaa chenyewe."

"Basi hiki changu nikitupe?"

"Usikitupe. Nitakikagua. Kikiwa kizima, tutakifunga kiwe cha akiba. Mawimbi ya setilaiti yakipotea, kiwanja kikubwa cha mkoa kina mtambo wa redio. Verna ataelekea huko." Akamnyooshea Verna kidole. "Na wewe, mama, usiingie wingu lolote kabla hujaruka na mwalimu. Kajifunze vitufe siku za jua."

Kazi ilichukua wiki tano. Verna aliruka na mwalimu mara saba. Jioni alikaa jikoni na kitabu cha maelekezo, na Delmar akamsomea maswali, akikosea nusu ya maneno.

Ikafika Alhamisi yenye mawingu mazito. Delmar alipanda kiti cha kulia. Walipokaribia Harlow, madirisha yote yakawa meupe. Kwenye saa mpya mishale miwili ilikutana katikati, mmoja umesimama, mwingine umelala.

"Mbona huongei?" Verna aliuliza.

"Nachelea kukuvuruga," alisema Delmar, ameng'ang'ania kitasa cha mlango.

"Basi shika ramani. Mlango uachie." Hakuyaondoa macho kwenye mishale. "Futi mia tatu. Nisipouona uwanja hapo, tunapanda tena. Hakuna ubishi."

"Sina ubishi mimi."

Mia sita. Mia tano. Delmar aliona mkono wa mkewe ukisogeza usukani kidogo sana, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mia nne. Wingu likapasuka, na taa za uwanja zikawa mbele yao, safu mbili zilizonyooka.

Delmar aliikunja ramani. Alimgusa Verna begani mara moja tu, baada ya magurudumu kutulia.

Katika nyumba ya wazee, Ardis alikuwa amekaa dirishani na kofia yake kichwani. Verna alisimama mlangoni, akaogopa kuingia.

Ardis alimtazama kwa muda mrefu.

"Jina limenitoka," alisema hatimaye. "Usinitajie, nitalikumbuka." Akavuta kiti cha pili karibu na chake, akakipangusa kwa kiganja. "Lakini wewe ni yule wangu wa Alhamisi. Keti."